Nilimwita Mama Mkwe "Mpenzi" Jukwaani

Ndugu wasomaji, kosa ni langu. Mwenyekiti wa kijiji nitamtaja, lakini msimtwishe mzigo wangu.

Nilisoma mpaka darasa la nne. Katika kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Mgori, Singida, nilikuwa mtunzi wa bendi ya kijiji. Niliipenda soul, muziki wa Wamarekani weusi, niliyoisikia kwenye redio ya betri ya mwalimu, ile ambayo mwimbaji analia mpaka anapiga magoti. Maneno sikuyaelewa. Kilio nilikielewa!

Nikamtungia wimbo Monika, mchumba wangu. Ng'ombe wawili wa mahari walishafika kwao. "Monika mpenzi, bila wewe mimi ni shamba bila mvua."

Kamati ya kijiji ikauzuia.

"Ndugu mtunzi," akasema mwenyekiti, "bendi ni ya wote, gitaa ni la wote, Monika ni wako peke yako. Huu si ubinafsi?"

"Ni mapenzi, ndugu mwenyekiti."

"Basi wapende wote. Chukua daftari la kijiji, taja wanawake wote. Usiruke mtu, tusije tukaambiwa tunabagua."

Wajumbe walicheka. Yeye hakucheka. Na niseme haki, hoja yake hata leo siwezi kuijibu.

Ningeweza kuuacha wimbo. Ningeweza kusema, "Humo yumo mama mkwe wangu." Kwetu mkwe hatajwi jina, ukimwona njiani unampisha, unatazama chini. Lakini niliutaka ule wimbo, jamani! Nikajidanganya kwamba nikifika kwake nitakohoa.

Siku ya sherehe ya mavuno nikapanda jukwaani. Nyumba kwa nyumba, jina kwa jina, kila mmoja mpenzi! Bibi wa nyumba ya tatu akapiga vigelegele. Wimbo ukanikolea, machozi yakanitoka, nikapiga magoti, kukohoa nikasahau. Nikalitamka jina la mkwe wangu huku nimemnyooshea mikono! (Hapa silitaji. Nimekoma.)

Gitaa likanyamaza. Mama wa watu akajifunika kanga uso mzima, akaondoka akijigonga kwenye magunia ya uwele. Nami, Mungu nisamehe, nikaendelea na daftari! Aliyefuata alikuwa Monika.

Wazee walinitoza kondoo. Nikampeleka, nikaomba radhi nikiwa nje ya boma. Mama akasamehe, nasikia hata alicheka. Nikajua nimepona.

Kesho yake ng'ombe wangu wawili wakarudishwa. Nikamfuata Monika kisimani.

"Mama si amesamehe?"

"Mama amesamehe. Mimi ulinitaja wa arobaini na tatu."

"Daftari ndivyo lilivyopangwa, Monika."

"Basi kalioe daftari!"

Akajitwika mtungi wake, akaenda.

Sasa ameolewa Singida Mjini na fundi cherehani asiyejua kuimba hata kidogo. Ni mtu mwema, sina la kumsema. Mimi sijatunga tena.

Wenzangu, la moyoni likitakiwa kugawiwa kijiji kizima, kubali likataliwe. Mimi niliuokoa wimbo, na mpaka leo hakuna hata mmoja anayeuimba.