Simu Tatu za Marehemu na Mtu Aliyezing'oa

Msimamizi wetu wa kazi alipoung'oa waya wa mwisho ukutani, mama mkwe wa marehemu alikuwa angali anaongea kwenye simu yake ya uani, hajui kwamba laini imekatika. Nasema marehemu, maana Ijumaa tumemzika kijijini kwao Ganda. Na msimamizi huyohuyo, siku hizi mstaafu, alisimama kaburini akamwita "fundi wangu mahiri". Mimi niliyeishia darasa la nne, niliyechimba naye mashimo ya nguzo za simu, nayaandika aliyoyaruka.

Mwanzoni mwa miaka hii ya themanini marehemu mwenzangu alikuwa akijitayarisha kwa mtihani wa ufundi wa kulinda laini, watu wasidukize masikio kwenye mazungumzo ya wenzao. Kazini hatukuruhusiwa kugusa mitambo. Sisi ni watu wa makoleo. Basi akajijengea yake nyumbani: simu tatu kuukuu alizonunua hoteli moja ya Malindi ilipobadilisha zake, betri ya gari, na kila simu taa nyekundu ya kuwaka mtu wa tatu akidukiza. Moja chumbani, moja jikoni kwa mkewe, moja uani kwa mama mkwe. Bibi huyu, kwa heshima ya ukwe, hakuwahi hata kumtazama usoni. Lakini simuni hawaonani, ulimi ukafunguka.

"Mkwe, jana umekohoa mno. Kunywa tangawizi."

"Ndiyo, mama."

"Na uache kuimba bafuni. Huna sauti."

Mwenzangu akaniambia hakuna mtihani utakaoushinda huo wa nyumbani kwa ugumu.

Msimamizi akaja kukagua kabla ya kumtilia sahihi ya kwenda mtihanini. Mama na binti walikuwa wanaongea, yeye akainyanyua simu ya chumbani polepole, kama alivyozoea kazini. Taa zote zikawaka! Mwenzangu akatabasamu mpaka magego. Ila sauti ya bibi haikuhitaji simu, tuliisikia sote dirishani.

"Mwanangu, yule tumbo-mbele keshafika? Wafungie kuku. Na aache kusikiliza simu za wake za watu, Malindi nzima yajua."

"Mama, taa imewaka."

"Kumbe ndiye! Shikamoo, bwana!"

Nikaing'ata kola ya shati nisicheke. Msimamizi akang'oa kila kitu, akasema ni waya wa wizi, sahihi akakataa. Muda si muda taa nyekundu kama zile zikawaka ofisini, tukaambiwa ni ubunifu wake. Mwenzangu amechimba mashimo mpaka kifua kikamshinda. Ndivyo kazi zetu zilivyo: maarifa ya mtu hufungiwa ndani ya kalamu ya mtu mwingine, naye akinuna, basi.

Sasa wewe msimamizi, kama alikuwa fundi mahiri, mbona hukumtilia sahihi? Usinijibu mimi. Bibi yu hai, na ile simu ya uani alikataa kuitoa. Iko juu ya kinu, haina waya. Nenda Ganda ukamjibu yeye, na safari hii mtazamane usoni.