Sahani Uwanjani, Komini Yetu

Komini yetu, kwingine wangeiita tarafa, ni ndogo, tena ya mashambani, lakini sipendi mtu aiite ndogo mbele yangu. Iko magharibi ya Kolwezi, upande wa kwenda Kasaji. Upande mmoja wa reli kuna udongo mwekundu na mihogo, ndiko kwetu. Upande wa pili kuna bonde la majani ambalo mvua ikinyesha hugeuka ziwa, na zahanati ilikuwa ng'ambo ya bonde hilo. Dada yangu alijifungulia hapo katikati, kando ya pikipiki iliyozama matopeni. Mtoto alipona, mama yake nusura tumzike. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba zahanati ya pili, yenye chumba cha kuzalia, itajengwa penye watu wengi, nilijua ni yetu.

Ajenti wa komini akaja kuhesabu watu. Alipita nyumba kwa nyumba, kijana wa adabu, akiuliza kila mama ana watoto wangapi. Sasa, kwetu mtoto hahesabiwi kwa mdomo; kifo kina masikio. Jirani yangu, ambaye uani kwake kuku hawana pa kupita kwa wingi wa watoto, alimjibu kwamba yeye hana kitu, wote ni wa Mungu. Ajenti akaandika sifuri. Mimi mwenyewe ni mwalimu, kila asubuhi nahesabu watoto wa wenzangu bila wasiwasi, lakini aliponiuliza wangu ulimi ulikataa. Jioni alimwambia chifu kwamba upande wetu hauna watu, na zahanati ya pili nayo itakaa ng'ambo.

Nilikasirika mpaka nikacheka. Sisi, hatuna watu? Aje atusikie siku ya mchezo wa mpira! Ndipo nikakumbuka matanga. Penye msiba kila mwanamke huja na sahani zake, amezitia alama chini kwa rangi ya kucha zisipotee, na hapo tunahesabu bila kuogopa chochote. Sahani haina roho. Nikazunguka kwa wenzangu, na asubuhi, kabla ajenti hajawasha pikipiki, nilimwomba aje na chifu kwenye uwanja wa shule. Kila mama alikuwa anatandika majanini sahani moja kwa kila anayekula bukari, ugali wetu, ya chungu chake.

Jirani yangu wa watoto wa Mungu alileta beseni zima la sahani, hazikuwatosha wanawe, akaenda kuazima nyingine. Ajenti alianza kwenye goli, akipita polepole kati ya mistari, midomo ikicheza. Nilijivuna, sifichi.

Katikati ya uwanja alisimama mbele ya mjane mmoja aishiye peke yake. Alikuwa ameweka sahani tatu. Mjane akaeleza kwamba mbili ni za wanawe wanaochimba kobalti Kasulo. Ajenti akasema kwa upole kwamba hao hawahesabiwi hapa, kwa sababu wanalala kule.

Mjane hakupandisha sauti.

“Kule banatumika kazi tu, tata. Bakigonjwa, banarudia kwangu. Bakikufa, njo hapa tutabazika. Sasa ni bantu ba wapi?”

Ajenti alizitazama zile sahani mbili, akainama, akazinyoosha vizuri kwenye mstari, akaandika. Hapo wanawake waliokuwa wameficha sahani za vijana wao wa migodini chini ya vitenge walianza kuzitoa, mmoja baada ya mwingine, wakizitandika mpaka zikavuka mstari wa goli na kuingia barabarani.

Ilimbidi aanze upya. Alipomaliza alifuta jasho, akamgeukia chifu, akasema mbele ya wote kwamba tumewapita wa ng'ambo kwa wingi, na zahanati itajengwa upande huu wa reli. Vigelegele vilipasuka. Dada yangu, aliyekuwa amembeba mwanawe mgongoni, aliketi palepale katikati ya sahani akalia kwa furaha, na sisi tukamzunguka tukiimba.