Kompyuta ya Mwalimu Faustin

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kushika bisibisi. Familia yetu ilikuwa imerudi Gisenyi, Rwanda, kutoka Kigoma, nilikozaliwa na kusomea, na baba yangu, aliyekuwa fundi cherehani, alinipeleka mwenyewe kwenye karakana ya mashine za ofisini iliyokuwa karibu na soko. Mwenye karakana tulimwita Patron. Aliniangalia viatu, akaniangalia kucha, akanipa mswaki wa zamani na kikombe cha petroli, akaniweka mbele ya taipureta iliyojaa wino mkavu. Nilisugua herufi zake mpaka jioni. Alipoona zimeng'aa alivuta kiti akakaa karibu yangu, akaniambia maneno niliyoyatumia miaka yote iliyofuata.

"Zaituni, mashine haina mudomo. Kama hujue ugonjwa iko wapi, punguza. Toa kimoja, angalia. Toa kingine, angalia. Mutu wa haraka mi sipendi."

Kupunguza ndiko kulikokuwa msingi wa ufundi wetu. Mashine ikigoma, unaivua kila kitu isichokihitaji ili iishi, halafu unairudishia kimoja kimoja, na kile kitakachoirudisha kwenye ugonjwa ndicho kibaya. Kwa taipureta uliondoa utepe, ukaondoa rola, ukajaribu mkono mmoja wa herufi. Kompyuta zilipoanza kuingia mjini, kubwa na nzito, Patron hakubadilisha kanuni. Alizifungua vilevile, akazipunguza vilevile, na nyingi zilipona. Wenzangu wa kiume walikuwa wanadhani mwanamke atachoka na vumbi. Patron alipoondoka kwenda kuishi na wanawe, funguo za karakana alinikabidhi mimi.

Kutoka hapo nilichukuliwa na shule moja ya sekondari upande wa Nyundo. Mkubwa wangu huko alikuwa Intendant, yaani mtunza mali wa shule, mzee wa suti ya kijivu ambaye hakuamini kitu chochote kinachotumia umeme. Shule ilikuwa na chumba cha kompyuta zilizotolewa msaada, na nusu yake zilikuwa zimekufa. Huku kwetu mvua ni nyingi na radi hupiga vibaya. Unyevu huingia kwenye vyuma, na radi ikipiga nguzo ya umeme, bodi, ule ubao wa ndani unaobeba vipande vyote vya kompyuta, huungua. Intendant alitaka zitupwe. Nilimwomba muda na chumba kimoja chenye dirisha. Nilitoa vipande vya kumbukumbu kwenye moja, nikatoa diski kwenye nyingine, feni kwenye ya tatu, nikaunganisha vizima na vizima. Muhula ulipoisha, kila meza ilikuwa na kompyuta inayowaka. Intendant alipita katikati ya meza, akagusa kila moja kwa kidole, kisha akaenda kuniandikia cheo cha fundi mkuu. Nilikaa pale miaka mingi, na niliipenda kazi.

Lakini kazi ninayotaka kuwasimulia ninyi mnaoanza ufundi niliifanya kwenye kituo changu cha mwisho, ambako watu wasioona hufundishwa kusoma, kuandika na kutumia kompyuta. Mkurugenzi wake alikuwa mama aliyekulia Uganda, mwepesi wa kuamua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta maneno. Aliniajiri nikiwa karibu na umri wa kustaafu. Alisema anataka mtu ambaye mashine haziwezi kumtisha.

Moyo wa kituo ulikuwa chumba cha Mwalimu Faustin. Faustin alitoka Kanzenze, kwa wakulima wa viazi, na ugonjwa ulimchukua macho akiwa mtoto mdogo sana. Kazi yake ilikuwa kugeuza vitabu vya shule kuwa maandishi ya nukta nundu, yale yanayosomwa kwa vidole. Kompyuta yake ilikuwa na programu inayosema kwa sauti kila kilichoandikwa, na pembeni yake ilikaa mashine ya kuchapa inayotoboa karatasi nzito kwa kishindo, ta-ta-ta, mpaka meza inatetemeka. Wanafunzi wasioona wa shule zote za karibu walimtegemea yeye.

Mwaka ule kulikuwa na kitabu cha biolojia. Kila mwaka wanafunzi hawa walianza muhula bila vitabu, wakakaa darasani mikono mitupu wakisubiri, na vitabu vilipofika wenzao walikuwa wamefika mbali. Faustin aliapa kwamba safari hii haitakuwa hivyo. Tatizo lilikuwa kompyuta. Kitabu kilikuwa kikubwa mno kwake. Ilipokuwa ikigeuza sura moja, sauti yake ilikatika, ikagugumia, halafu kila kitu kikaganda na kazi ikapotea.

Niliichunguza nikaona udhaifu uko kwenye prosesa, kile kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Bodi yenyewe ilikuwa nzima na ingeweza kubeba prosesa yenye nguvu zaidi. Nilimweleza Mkurugenzi kwamba hatuna haja ya kununua kompyuta mpya. Aliniuliza kama nina uhakika, nikasema ninao. Duka la Kigali halikuwa na ile niliyoitaja, likatuma ya ukoo uleule, yenye nguvu hata kuzidi, na kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na bodi yetu ilikuwemo. Nikaipokea.

Nilifanya kila kitu kwa utaratibu. Kabla ya kugusa kitu nilisasisha programu ndogo ya bodi inayoamsha kompyuta, ili imtambue mgeni. Nilitoa feni, nikafuta dawa ya zamani ya kupitisha joto, nikainua prosesa ya zamani, nikaweka mpya ikakaa bila kulazimishwa, nikapaka dawa mpya kiasi cha punje ya mchele, nikarudisha feni. Nikabonyeza kitufe. Taa ikawaka, feni ikazunguka. Skrini ikaandika kwamba haipati picha, ikazimika.

Nikaanza kupunguza. Nilichomoa mashine ya kuchapa, nikachomoa spika, nikachomoa kila waya uliotoka nje isipokuwa umeme na skrini. Giza. Nilibadilisha waya wa skrini, nikaleta skrini nyingine kutoka ofisini. Giza. Nilitoa vipande vya kumbukumbu, nikavisafisha, nikajaribu kimoja baada ya kingine. Niliondoa betri ndogo ya bodi ili isahau mipangilio yake yote. Nilichukua lenzi nikakagua vipini, vile visindano vidogo vya soketi inapokaa prosesa, kwa sababu kipini kimoja kikipinda yote yameharibika. Vilikuwa vimenyooka. Mwishowe nilirudisha prosesa ya zamani, na picha ikaja palepale. Nikaweka mpya tena, giza.

Fundi yeyote angesema nilichosema mimi: prosesa mpya imekuja ikiwa imekufa. Nilimwambia Mkurugenzi. Alipiga simu Kigali, wakajibu iletwe, wataipima, watatoa jibu. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu iliyofuata. Mkurugenzi hakunigombeza. Alisema tu kwamba watoto watasubiri kama miaka yote, akaniomba nifunge kile kipande niende kukipeleka kwenye basi. Nilihisi vibaya kuliko kama angenigombeza. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja tu kazini, na nilijiona nitaondoka nikiacha chumba hiki kimenishinda.

Nilikuwa bado sijaizima ile kompyuta nilipomsikia Faustin mlangoni. Mkurugenzi alikuwa ameshamwambia. Alikuja akiufuata ukuta kwa mkono mpaka mezani pake, akakaa kwenye kiti chake, na kichwa akakiegemeza mkononi. Nikadhani ana huzuni. Kumbe alikuwa anasikiliza.

"Mama Zaituni," akasema, "zima, uwashe tena. Pole pole."

Nikazima, nikawasha. Aliinamisha kichwa karibu na boksi la kompyuta. Diski yake ilikuwa ya zamani, ya aina inayozunguka, na ikisoma hutoa sauti ya kukwaruza ambayo mimi kwa miaka yote nimeizoea hata nisiisikie. Faustin alianza kunieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia safari anayoifanya kila asubuhi. Sasa inaamka. Sasa inasoma sana, hapa huwa inatafuta mambo yake. Sasa inapunguza. Kisha ukwaruzaji ukakoma.

"Hapa ndipo huwa inanyamaza, inangoja neno langu la siri," akasema. "Hii mashine iko muzima, Mama. Sauti yake iko wapi?"

Sauti yake ilikuwa sakafuni. Nilikuwa nimeichomoa mimi mwenyewe, kwa kanuni, pamoja na kila kitu kingine ambacho kompyuta haikihitaji ili iishi. Nikapiga magoti, nikaokota waya wa spika, nikauchomeka. Faustin akabonyeza kitufe kimoja, na ile sauti ya Kifaransa niliyoizoea, sauti ya mwanamke asiyekuwa na haraka, ikamwomba neno la siri.

Nilikaa sakafuni nikicheka peke yangu. Faustin aliandika neno lake, sauti ikamkaribisha, akafungua kitabu cha biolojia. Ile sauti haikukatika hata kidogo. Aliiongezea mwendo mpaka mimi nikashindwa kushika neno lolote, naye akawa anatikisa kichwa kwa furaha. Akaniomba nimrudishie mashine ya kuchapa. Nikairudisha. Karatasi ya kwanza ikaingia, na kishindo kikaanza.

Mimi nilichukua boksi la prosesa nikalisoma upya, nikatafuta maana ya kila alama kwenye ukurasa wa kiwanda mtandaoni kwa simu yangu. Mwishoni mwa jina lake kulikuwa na herufi moja ambayo ile niliyoiagiza haikuwa nayo. Prosesa nyingi, hasa zile tulizozizoea kwetu, zina sehemu ndani yake inayochora picha na kuipeleka kwenye skrini. Herufi ile ilimaanisha kwamba hii imetengenezwa bila sehemu hiyo. Tundu la skrini nyuma ya bodi lilikuwepo, ila hapakuwa na wa kulipelekea picha. Mashine ilikuwa inafanya kazi yake yote gizani tangu mara ya kwanza nilipobonyeza kitufe.

Mkurugenzi aliufuata mlio. Alisimama mlangoni, akaangalia skrini nyeusi, akaangalia karatasi zinazotoka, akauliza nani amewasha mashine hiyo.

"Mimi, Mkurugenzi," akajibu Faustin. "Tuko sura ya pili."

"Unafanyaje kazi na skrini haina kitu?"

"Kama siku zote. Mi hii skrini sijaiona hata siku moja."

Mkurugenzi alimwangalia, akaniangalia mimi, halafu akakaa kwenye kiti cha wageni na kuanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha alikunja mikono ya blauzi yake akaanza kupanga kurasa.

Nilikuwa najua dawa. Kilichohitajika ni kadi ya picha, kipande kinachochomekwa kwenye bodi kuchora badala ya prosesa, na niliweza kuitoa kwenye kompyuta moja kuukuu iliyokuwa stoo. Lakini sikukubali kuisimamisha kazi kwa ajili ya macho yangu. Tulichapa wiki ile yote, skrini ikiwa nyeusi. Faustin alisikiliza, akasahihisha, akatuma. Mimi nilihudumia mashine ya kuchapa, ambayo hupenda kumeza karatasi mbili kwa pamoja, na Mkurugenzi alifunga majuzuu kwa uzi. Kitabu cha nukta nundu ni kizito. Biolojia moja ilijaza rafu. Kazi ilipokwisha ndipo nilipochomeka kadi, na picha ikaja, safi kabisa. Nilimwambia Faustin kwamba skrini imepona. Akanipa pongezi kwa adabu, kama unavyompongeza jirani aliyenunua ng'ombe.

Mwaka uliofuata nilistaafu. Walinifanyia sherehe ndogo ya soda na sambusa, na Mkurugenzi akanisifu kwa maneno ya lugha tatu. Sasa nipo nyumbani, watu huniletea mashine zao barazani, nami hufungua zile ninazozipenda. Vijana wa ufundi huja kuniuliza mambo. Ninawafundisha kupunguza, kwa sababu kanuni ya Patron bado ni ya kweli. Ila ninaongeza langu: kabla ya kupunguza, muulize anayeitumia hiyo mashine anajuaje kwamba iko hai, kisha umwache akuonyeshe. Ufundi wangu ulikuwa umekaa machoni, na sikujua hivyo mpaka mtu asiye na macho alipokaa karibu yangu.

Na wakiniuliza siku gani kazini ilinipendeza kuliko zote, ninawasimulia Jumatatu ile ya kufungua shule. Nilikwenda na gari la kituo kupeleka majuzuu. Darasani alikuwepo msichana wa Mahoko anayeitwa Divine, asiyeona, ambaye kila mwaka alikuwa akianza muhula mikono mitupu. Nilimwekea juzuu la kwanza mezani, akalifungua, akaanza kulipapasa taratibu huku anatabasamu. Ndipo mwalimu wa biolojia alipoingia, akatangaza kwamba vitabu vya kawaida vimechelewa njiani, hajui vitafika lini. Wanafunzi wakaguna. Mwalimu akaona vidole vya Divine vinatembea kwenye karatasi, akamuuliza ana nini pale.

"Kitabu, Mwalimu. Sura ya kwanza, seli."

Mwalimu aliwaambia wasogeze madawati. Darasa zima likamzunguka Divine, wenye macho wakafungua madaftari, naye akaanza kuwasomea.