Mtafsiri wa Filamu wa Kibiti na Machozi ya Mkewe

Saa tisa alasiri, banda la video nyuma ya stendi ya Kibiti limefunikwa turubai jeusi ili mwanga usiingie. Ukasha Mtulia ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kipaza sauti mkononi, macho kwenye runinga. Baba wa Kihindi anafoka, na Ukasha anafoka naye kwa Kiswahili: "Toka nyumbani kwangu, usirudi!" Mama mkwe analia, Ukasha naye analia. Mbwa anapobweka, anamwacha abweke mwenyewe.

Watazamaji ishirini na watatu wanavunjika mbavu.

Ukasha, mwenye umri wa miaka 47, anafanya kazi hii kwa mwaka wa kumi na tisa. Kihindi hakijui. Anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne, na pale kinapopungua anajaza mwenyewe.

"Kiingilio ni shilingi mia tano. Zamani siku ya Idd niliingiza hata watu mia na hamsini, wengine wanakaa chini mchangani. Siku hizi kila mtu ana sinema yake kwenye simu," anasema.

Hata hivyo, kilichokaribia kulivunja banda hili hakikuwa simu. Ilikuwa filamu moja tu, ya dereva wa lori anayemwacha mchumba wake kwenda kutafuta maisha, kisha anarudi baada ya miaka saba.

Kila ilipoonyeshwa, mkewe Nusaiba, anayeuza juisi ya ukwaju mlangoni, aliingia ndani na kusimama pembeni. Dereva aliporudi, Nusaiba alilia. Ukasha alijisifu moyoni kwamba ni sauti yake ndiyo inayomliza mkewe.

Kisha mwaka jana, kwenye harusi ya jamaa, shemeji yake Salama, dada wa Nusaiba, aliropoka. Watu walikuwa wakikumbushana filamu za ujanani, naye akacheka: "Aa, ile ya dereva wa lori si ya Nusaiba na Azan!"

Ukasha alimuuliza mkewe usiku huohuo. Nusaiba hakuficha. Kabla daraja la mto halijajengwa, mama yake alikuwa akiuza chakula kivukoni Ndundu, kwa abiria waliosubiri pantoni. Palikuwa na runinga iliyowashwa kwa betri ya gari, na filamu ile ilirudiwa kila wiki. Aliitazama mara saba na Azan, kijana aliyekuwa amemposa. Azan akavuka kwenda Dar es Salaam kutafuta mahari, akaoa hukohuko.

"Kama angekuwa mtu anayenipitia hapa bandani, ningemfuata tukaongea kiume," anasema Ukasha. "Huyu nitamfuata wapi? Yumo ndani ya filamu ninayoionyesha mwenyewe, kwa umeme ninaolipa mwenyewe."

Akaanza kulipiza kisasi kwa kipaza sauti. Kwanza alimfanya dereva awe na kigugumizi. Wiki iliyofuata akamfanya mlevi. Mara ya tatu, dereva aliporudi na kupiga magoti mbele ya mchumba wake, maandishi yakasema hakumsahau hata siku moja. Ukasha akatamka: "Samahani, nimeshaoa huko. Nina watoto wawili."

Banda likalipuka. Ismaily, fundi baiskeli na mteja wa miaka mingi, akauliza: "Wee Ukasha, Mhindi kasema hivyo kweli?"

Kabla hajajibu, sauti ya Nusaiba ikatoka mlangoni. "Hakusema hivyo! Baba Yasmin, unamsingizia mtu wa watu. Amesema hakumsahau. Haya, sema!"

Ukasha alizima runinga. Siku ya pili Nusaiba alifunga nguo zake na kwenda kwa dada yake huyo, kijijini Mkongo, akakaa wiki mbili.

"Alinifedhehesha kwa watu," anasema Nusaiba, 42. "Kama una neno na mkeo, lizungumze chumbani. Usimpe Mhindi akusemee."

Ukasha alikwenda kumfuata kwa bodaboda, na kilo tano za sukari kwa shemeji. Nusaiba akatoa sharti moja: filamu ile ionyeshwe tena, maneno ya mwanamke ayaseme yeye, na ya dereva ayaseme Ukasha, yote, bila kupunguza.

Habari zilienea. Siku hiyo banda lilijaa mpaka watu wakachungulia kupitia matundu ya turubai. Wanandoa hao walikaa bega kwa bega na kipaza sauti kimoja.

"Nilifika pale dereva anapopiga magoti," Ukasha anakumbuka. "Nikamwambia mke wangu: Sikukusahau hata siku moja. Maneno ya mwanaume mwingine, kwa mke wangu, mbele ya watu! Nikamtazama. Analia, palepale anapolia siku zote."

Nusaiba anatikisa kichwa. "Naulilia usichana wangu. Mama yangu alikuwa hai, nilikuwa sina hata mvi moja. Azan nikipishana naye sokoni leo huenda nisimtambue. Nimemwambia huyu mara ngapi? Hataki kuamini."

"Nusu naamini," anasema Ukasha.

Tangu siku hiyo Nusaiba ndiye anayetafsiri sauti za wanawake, na wateja wameongezeka. Wamealikwa mpaka Salale, kwa wavuvi wa kamba. Ukasha ana kinyongo kipya: wapo wanaume wanaolipa mara mbili kwa siku kwa ajili ya kumsikia mkewe akibembeleza, na amewahamishia benchi la nyuma.

Ana mpango mmoja ambao hataki kuuahirisha. Anatafuta filamu ambayo yeye na Nusaiba hawajawahi kuiona. Atafunga banda siku nzima, waitazame wawili tu, bila kutafsiri.

"Nataka akizeeka, akiikumbuka hiyo filamu, anikumbuke mimi," anasema.

Nusaiba, akikoroga ukwaju kwenye ndoo, hanyanyui kichwa. "Siku achague yeye. Filamu nachagua mimi."