Ndugu Wawili na Fuwele

Kila mwaka mwalimu wa sayansi wa shule ya misheni, Chiwanda, aliwasimulia wanafunzi habari za ndugu wawili Wafaransa waliobana fuwele wakagundua kuwa inatoa umeme. Alisimulia polepole, kama padri anayesoma Injili, huku akibana kokoto angavu ya ziwani kwa vidole vyenye chaki. "Walifanya pamoja," alikazia kila mara. Mwaka ule vita vilipokwisha, Otilia aliinua mkono.

"Mwalimu, nawe una ndugu?"

Vidole vikatulia.

"Nilikuwa naye, mdogo wangu. Alikwenda na jeshi, akazikwa Burma."

Otilia alitamani aumeze ulimi wake. Mwalimu akageukia ubao, asiandike kitu. Otilia akasimama, na darasa zima likasimama naye, kimya, kama makaburini.