Kushuka Nako Kunachosha

Likizo ile ya mwaka 1970 nilirudi Newala nimechoka hata kabla ya kushika ndoo. Nilikuwa kidato cha tano, Masasi, na nilikuwa nimefeli jaribio la kemia. Mwalimu alisema wazi: shule ikifunguliwa nafanya jingine, nikifeli tena nifungashe virago. Na nyumbani maana yake ni maji ya bondeni, kila alfajiri, mpaka uzee.

Swali lilikuwa la mkaa. Ukiungua kabisa ukawa hewa ukaa, unatoa kilokalori 94. Ile hewa ya sumu, inayoua watu waliolala na jiko ndani, nayo ikiungua ikawa hewa ukaa inatoa 68. Je, mkaa kuwa hewa ya sumu unatoa joto kiasi gani? Kupima moja kwa moja haiwezekani, maana mkaa mwingine huungua kabisa hata ukiuzuia. Kwa hiyo unaugeuza mlinganyo wa pili, ile 68 inageuka alama, inakuwa ya kutoa, unajumlisha na wa kwanza. Mimi niligeuza mlinganyo, alama nikaiacha, nikapata 162. Sisi tuliotoka huku juu mlimani, Newala na Mkunya, wote tulipata 162. Kwetu kushuka bondeni na ndoo tupu kunachosha, na kupanda nayo imejaa kunachosha. Nani kasema safari moja inafuta nyingine?

Nilipotua ndoo nikamlalamikia Bibi, aliyenilea. Nikamwambia, mwalimu anasema ukiondoka mahali ukarudi palepale, hata uzunguke vipi, jumla ni sifuri.

"Sifuri?" Bibi akacheka. "Mke mwenzangu, huyo mwalimu wako hakuzaliwa huku." Akaendelea kumenya muhogo, cheko likamwishia. "Vita vya Maji Maji, askari wa Mdachi walipochoma maghala, tulishukia njia hiyohiyo ya maji kwenda mto Ruvuma. Nilikuwa msichana, mdogo wangu nimembeba. Njaa ilipopungua tukarudi, kiwanja kilekile. Mgongoni sina mtu."

Nikachukua kisu, nikamsaidia kumenya.

Shule ilipofunguliwa niligeuza alama, nikapata 26. Swali la mwisho liliuliza jumla ya joto la mzunguko unaorudi pale ulipoanzia. Nilijua jibu, na bila jibu hilo nisingebaki Masasi. Niliandika sifuri, na roho iliniuma, nikajiona kama nimemfuta yule mtoto kwa mkono wangu.