Operesheni Ndogo ya Shavu

Kovu langu lilinisumbua. Naandika sentensi hiyo nikiwa na miaka hamsini na moja, baada ya kuikana kwa muda mrefu, tena hadharani. Niliwahi kuandika makala nzima nikidai kwamba uso usio na alama ni kama daftari lisiloandikwa kitu, na wasomaji wakanipongeza. Picha iliyoambatana na makala ile ilipigwa hapa Kakamega mjini, na mpiga picha alichoka nami, kwa kuwa nilikataa kupigwa upande wowote isipokuwa kushoto. Kovu liko kulia.

Linaanzia chini ya jicho na kushuka hadi kwenye taya, nene, linang'aa kidogo, na pembeni mwake kuna alama za mshono zinazofanana na nyayo za kuku. Nilikuwa na miaka sita. Mama alikuwa akitukatia miwa nyuma ya nyumba, kule Navakholo, nami nikashindwa kungoja zamu yangu, nikapenya nyuma yake wakati anainua panga. Aliyenishona zahanati alikuwa na haraka, au uzi mnene, sijui. Nyumbani tulielewana, bila mtu kutamka, kwamba jambo lile haliongelewi. Wageni wakiuliza, mama aliinuka kwenda kuchochea moto, hata kama ulikuwa unawaka vizuri.

Ndiyo maana nilijizoeza kusema halinisumbui. Nikisema vingine, ningekuwa nimemnyooshea mama kidole.

Mwaka jana nilikwenda Kisumu kumwona daktari wa upasuaji. Kazini niliaga kwamba naenda warsha. Daktari mwenyewe alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wangu. Akanigeuza uso kwenye taa kama mtu anayechagua nyanya. Nilitarajia aniambie kwamba leza italifuta kovu. Akasema hakuna kinachofuta kovu. Angekata lile la zamani na kushona upya kwa mstari wa kupindapinda, ili lisivute ngozi wala lisivutie macho, kisha baada ya miezi kadhaa leza ingesaidia kulisawazisha. Akaonya kwamba kwenye ngozi nyeusi leza isipotumiwa kwa uangalifu huacha madoa, kwa hiyo angeijaribu kwanza mahali padogo nyuma ya sikio. Akauliza pia kama masikio yangu yaliota vinundu nilipotoboa, maana kuna watu ambao kovu lao likikatwa hurudi kubwa kuliko la kwanza. Yangu hayakuota.

"Kwa hiyo nitakuwa na kovu jingine," nikasema.

"Ndiyo, madam. Ila zuri kidogo."

Nimekaa chuo kikuu miaka mingi na sijapata kupewa ahadi ya kweli namna hiyo. Tukapanga siku, Alhamisi.

Kosa nililifanya baada ya hapo. Alhamisi hiyo ilikuwa zamu yangu kuwapokea akina mama wa maombi nyumbani kwangu. Nikampigia mwenyekiti wao kuomba radhi, nikasema nina operesheni ndogo. Nilisahau ninaishi wapi. Huku kwetu hakuna operesheni ndogo. Anayesema ndogo, watu husikia kubwa, na kwamba ameona haya kuitaja.

Jumamosi walifika kumi na mmoja, na ndizi, na chupa ya uji wa wimbi, na kuku wawili waliofungwa miguu. Mwenyekiti akanikalisha kwenye kiti changu mwenyewe kama mgeni.

"Mwalimu, wewe nyamaza tu," akasema. "Sisi hatuulizangi mtu ugonjwa wake."

"Lakini si ugonjwa."

"Hata yule wa mwaka juzi alisema hivyo hivyo. Na tulimzika vizuri."

Waliuliza hata hivyo, kwa kuzunguka. Nikaonyesha juu juu, katikati ya shingo na kiuno, wakaamua ni titi. Mmoja akataka kujua ni la upande gani, ili maombi yasipotee. Nikasema upande wa kulia, na angalau hapo sikusema uongo. Kuwaambia kwamba wameacha mashamba yao kuja kuombea urembo wangu, nilishindwa.

Jumapili kaka yangu alipiga simu kutoka Navakholo. Habari zilikuwa zimefika, zikiwa zimekua njiani. Mama hali chakula, akasema, na ameanika ile leso yake nzuri tayari kwa safari. Usiku huo nilikuwa na mambo mawili tu ya kumwambia: kwamba ninaumwa sana, au kwamba nataka kuondoa alama ya panga lake. Sikujua lipi lingemuumiza zaidi. Asubuhi nikaanza kumwandikia daktari ujumbe wa kuahirisha.

Mama hapigi simu. Hubipu, kisha hungoja apigiwe. Jumatatu ile simu iliita, ikaendelea kuita.

"Niambie ukweli," akasema. "Ni titi?"

"Hapana, mama."

"Ni tumbo?"

"Siumwi popote. Ni kovu. Nataka walishone upya, lipungue."

Nikasikia mtu akipasua kuni huko kwake. Nikaanza kujieleza, kwamba halijawahi kunisumbua, kwamba wazo ni la daktari, na uongo mwingine mdogo mdogo. Akanikatiza.

"Miaka hii yote nilidhani unaliacha ili mimi nilione."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, yote ya kwenye makala. Nikamwambia tu kwamba niliogopa nikiliondoa atasikia vibaya.

"Vibaya kushinda gani? Nilikubeba mpaka zahanati damu yako ikiniingia kifuani. Nilimwambia yule aliyekuwa akikushona apunguze haraka, akaniambia nitoke nje. Nikatoka." Akapumua. "Huyu wa Kisumu ana mkono mzuri?"

"Wanasema anao."

"Ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Jumatano nitakuwa kwako. Na mwambie mapema, mimi sitoki nje."